Mistari ya Simu ya Rita

Vincent amechaguliwa, dada! Anaenda Uholanzi mwezi wa tisa kusomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa kompyuta, na hakupigia mtu magoti, wenyewe ndio waliomwandikia wakamwita! Nimeshindwa kuanza na salamu kwa sababu tangu nipate habari hii kifua hakinitoshi. Mwite shemeji, waite majirani, waambie yule mtoto aliyekuwa akija kwenu likizo na kumaliza ndizi mbivu zote, sasa Wazungu wanamsubiri uwanja wa ndege na karatasi yenye jina lake.

Haya. Sasa nirudi nyuma nikusalimu kama mtu aliyelelewa vizuri.

Dada yangu mpendwa Mghoi, hujambo? Shemeji Kaloki hajambo? Mguu wake umepungua uvimbe, au bado anaamka kabla ya jua kwenda kufungulia maji shambani akijifanya kijana? Mwambie nimesema mguu hauna spea. Na ndovu je, wamewaachia migomba msimu huu? Hapa Voi tuko salama kwa neema ya Mungu. Ile baridi kidogo imepita, vumbi limerudi mahali pake, na presha yangu inatulia nikimeza dawa, nikisahau inapanda, yaani ni kama kulea mtoto. Kuku wanataga. Vyumba vyangu vya kupangisha vimejaa vyote isipokuwa kimoja, na nitakuja kwenye hicho kimoja.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Nimempa Sylus, yule anayekuja huko kwenu Mata kununua nyanya, akukabidhi mkononi, na naomba uisome peke yako kwanza. Wewe unanijua. Kwenye simu mimi husema mazuri, nacheka, nauliza habari za mbuzi, halafu nakata bila kusema lile nililopigia. Nimekufanyia hivyo tangu mwezi wa sita. Karatasi haitanipa nafasi ya kucheka.

Lakini wacha nimalize kwanza ya Vincent, kwa sababu yote yametokea hapo. Sijisifu, nasema tu ilivyo. Katika ukoo wetu wote, kuanzia Mbololo mpaka Mwatate, ni nani mwingine ana mtoto ambaye maprofesa wanamwandikia barua pepe wakimuuliza yeye maswali? Yule mwalimu wake wa hesabu wa zamani, aliyekuwa akisema udadisi wa mtoto huyu utamfikisha mbali au utamfikisha jela, alinisimamisha sokoni juzi akanipa mkono mbele ya watu, na mimi nikamwambia, mwalimu, tumshukuru Mungu ni mbali.

Kazi yake nimeielewa, ingawa niliishia darasa la saba. Alipokuja Pasaka alikuja na kisanduku cheusi, ukubwa wa mche wa sabuni, akakichomeka pale sebuleni kando ya mashine ya waifai, ile ninayowagawia wapangaji. Nikamuuliza kinafanya nini. Akaniambia hivi. Mtu akipiga simu ya video, sura yake na sauti yake hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinatiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kabisa. Hakuna anayeweza kuifungua njiani, si mwenye waifai, si serikali, si yeye mwenyewe. Watu wanaridhika hapo, wanasema mazungumzo yetu ni siri. Lakini bahasha zenyewe zinapita mlangoni mwako, na ukikaa mlangoni unaona hii ni nene, hii ni nyembamba, hizi zimepita nyingi kwa pamoja, hizi zimekatika. Mtu akitulia mbele ya simu, bahasha zake ni nyembamba. Akisogea, zinanenepa. Akisema, kuna bahasha ndogo za sauti zinazofuatana kama siafu, na akinyamaza zinapungua. Basi bila kuona uso wala kusikia neno, unaweza kujua mtu yuko kwenye video saa hii, anasema au anasikiliza, amekaa au anatembea, na mwenzake vilevile. Kisanduku kinachora yote kwa mistari kwenye kompyuta, wa picha juu, wa sauti chini.

Akaniambia hiyo ndiyo hatari anayoisomea. Anataka kuwaonyesha wenye hizo simu kwamba kufunga bahasha hakutoshi, halafu atafute njia ya kuzijaza makapi zote ziwe na unene mmoja, ili anayekaa mlangoni asione kitu. Hiyo ndiyo kazi iliyompeleka Uholanzi, dada. Makapi!

Na alifanya kwa heshima. Aliwaita wapangaji wote barazani, akawapa soda, akawaeleza, akamwomba kila mmoja ruhusa ya wiki ile moja tu. Aliyekataa hakuwekwa. Majina aliyaondoa akaweka namba, ili hata yeye asijue nani ni nani. Rita wako ndiye aliyemuuliza maswali mengi kuliko wote, mpaka Vincent akacheka akasema huyu ndiye angeenda kusomea badala yake. Mwishowe Rita alikubali. Wiki ikaisha, Vincent akarudi Nairobi, na kisanduku kikabaki hapa kwangu.

Sasa nije kwa Rita.

Dada, mtoto uliyenikabidhi ulimlea. Tangu apate kazi pale zahanati na kuhamia chumba changu cha mwisho karibu na tangi, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Anarudi na sare yake safi kama alivyotoka nayo. Ikiwa ni zamu yake ya kupumzika, Jumatano, ananifulia mapazia bila kuombwa, halafu mchana anajifungia kidogo, halafu jioni anakuja kunipima presha na kunigombeza juu ya chumvi. Wapangaji wengine walidhani ni binti yangu wa kuzaa na mimi sikuwasahihisha. Alipokuja kunitambulisha Titus, kijana wa watu wa Mbololo, nilijigamba kana kwamba nimemzaa na huyo pia. Mama Titus tuko naye kikundi kimoja cha akina mama kanisani, na mzee wake, Mzee Mwandawiro, ni mtu anayesikilizwa huko kwao. Nilisema Mungu ameamua kunipa vyote mwaka mmoja.

Ndiyo maana siku ile ya mwezi wa sita bado inanichoma. Mlipika. Shemeji alichinja. Mlitandika viti mlivyoazima kwa majirani, mkakaa mkitazama barabara mpaka jua likaangukia upande wa milima ya Upare, na wazee wa Mbololo waliokuwa waje kumposa Rita hawakutokea, wala hawakutuma neno. Ulinipigia ukiniuliza kama nimesikia lolote, kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu nao. Nikakuambia labda gari limeharibika Mwatate. Nikasema watu wa Mbololo nao kwa kuchelewa! Nikacheka.

Nilikuwa najua, dada. Gari halikuharibika.

Kulikuwa na maneno. Mama Titus alikuwa amesikia kwamba Rita, kila Jumatano mchana, hujifungia chumbani na mtu kwenye video, na kwamba huyo mtu na yeye hawaongei. Hawasemi hata neno moja, ila wanasogea, wanasogea saa nzima. Unajua mwenyewe mama wa kijana akisikia hivyo ataona nini kichwani. Hakuona mtu aliyevaa nguo. Alimwita Titus, akamwambia aende akamuulize mchumba wake, na kama hana la kuficha amwonyeshe simu.

Titus alimuuliza kwa upole, hilo nampa, hata leo Rita mwenyewe anasema hivyo. Na Rita akamjibu kwamba kila anachomiliki yeye angemwonyesha, lakini kilichomo katika simu ile siku za Jumatano si chake peke yake, na hatamwonyesha yeye, wala mama yake, wala mchungaji. Titus akasema basi niambie tu ni nani. Rita akasema hapana. Kijana akarudi Mbololo na hiyo hapana, na Mama Titus akaisoma kama alivyotaka. Ndipo siku ya Mata ikaja ikapita.

Sasa nikuulize, kama Vincent alivyoniuliza mimi. Maneno hayo yalitoka wapi? Chumba cha Rita kina pazia zito. Anayepita dirishani hawezi kuona. Hakuna mpangaji aliyesikia kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia. Ni nani angeweza kujua kwamba kuna video, na kwamba hakuna sauti, na kwamba kuna kusogea?

Vincent alikuja mwezi wa saba kuniletea hiyo habari ya Uholanzi. Alikuta nyumba imenuna. Rita alimwamkia, akamtengea chai, akarudi chumbani kwake. Nikamsimulia Vincent yaliyompata binamu yake, na nilisimulia vizuri, dada, nilisikitika mahali pa kusikitika, nikamlaumu Mama Titus kwa mdomo wake. Vincent akaniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Aliinuka akaenda kwenye kabati alikohifadhi kile kisanduku, akafungua, hakukiona. Akageuka akatazama kando ya mashine ya waifai. Kilikuwa pale, kimechomekwa, taa yake ya kijani inawaka.

Hapo juu nimekuandikia kwamba kisanduku kilibaki kwangu, kana kwamba kilisahaulika. Hakikusahaulika. Wiki ilipoisha Vincent alikizima, akakichomoa, akakifunga kwa kitambaa na kukiweka kabatini asije akakivunja safarini, akasema atakichukua. Nilimwomba akiache kikiwaka, nijue mpangaji gani ananimalizia waifai. Alinikatalia. Aliniambia, mama, walitupa wiki moja, wiki imeisha, sasa mistari hiyo si yetu. Nikasema sawa mwanangu. Na basi la Nairobi halijafika Mtito nikakifungua kile kitambaa.

Ni mimi, Mghoi. Maneno yalitoka kinywani mwangu.

Nilianza kwa kujifurahisha tu. Ile kompyuta yake ya zamani iko hapa, na nilikuwa nimemtazama alivyoifungua. Mara ya kwanza niliona mistari nikaelewa mwenyewe, bila mtu kuniambia, kwamba namba mbili anaongea na mtu mpole na namba tano anagombana, sikiliza mdogo wako wa darasa la saba! Nilijiona mjanja. Majina yalikuwa yameondolewa, lakini nani asingejua kwamba namba nne ni Rita, ikiwa namba nne inaamka tu Rita akifungua geti? Nikawa nakaa pale mchana na kikombe changu cha chai kama wengine wanavyokaa na mchezo wa televisheni. Na Jumatano nikauona ule mstari wa namba nne, picha imepanda juu kama milima ya Sagala, haitulii, na sauti chini imelala kabisa. Jumatano iliyofuata vilevile. Nikajiambia mimi ni mama yake mdogo, nina haki ya kujua. Kama kweli nilikuwa na wasiwasi naye ningembishia mlango. Sikumbishia. Nilingoja Jumatano nyingine.

Kikundi chetu kilikuwa kwa Mama Daisy, tukichambua maharagwe ya kupondwa na mihogo kuwa kimanga cha sherehe ya kanisa. Unamjua Mama Daisy, Daisy wake ni muuguzi huko kwenye theluji, na siku hiyo kila mtu alipewa simu aione theluji, kisha aione tena kwa upande mwingine. Nikasema theluji ni maji tu. Akaniuliza wa kwako je, bado anahesabu waya? Wakacheka, dada. Walicheka wote, na mimi ndipo nikasema kwamba wa kwangu amenifundisha kuona ndani ya vilivyofungwa. Wakazidi kucheka. Mmoja akasema haya, mganga wa waifai, tupigie ramli basi. Nikasema ninaweza kuwaambia kila mtu ndani ya boma langu anafanya nini na simu yake, hata akifunga mlango. Mama Daisy akasema kusema ni rahisi, taja mmoja.

Ningetaja namba mbili. Ningetaja namba tano na ugomvi wake, na wangetosheka. Nilitaja namba nne kwa sababu ndiyo iliyokuwa tamu. Sikusema jina, nilisema tu kuna binti, kila Jumatano. Wapangaji wangu wasichana ni wangapi? Mkono wa Mama Titus ukasimama ndani ya ungo. Niliuona. Nakuapia niliuona ule mkono umesimama, na bado nikaendelea mpaka mwisho, na kule kusogea, na kule kunyamaza, kwa sababu walikuwa wameacha kucheka na wote wananitazama.

Sasa usikie Vincent alivyofanya. Hakunifokea, bora angenifokea. Alikaa akafungua kompyuta ili afute kila kitu, na kabla hajafuta ule mstari wa Jumatano ukapita mbele ya macho yake. Aliutazama kidogo tu, halafu akaifunga kompyuta haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu anaoga. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, mama, huo mstari ninaujua. Katika utafiti wake kule chuoni kuna watu wasiosikia waliojitolea, wakakaa mbele ya video wakazungumza kwa mikono, na mstari wao ni huohuo, picha haitulii na sauti imelala. Akasema Rita anazungumza na mtu asiyesikia. Halafu akajishika kichwa, akasema, ona sasa, hata mimi nimejua lisilonihusu, na sikutaka.

Dada, nilikimbia. Nilidhani nimepata dawa. Nilitaka kwenda moja kwa moja kwa Mama Titus nimwambie ni lugha ya mikono, ni kazi ya Mungu, mtoto ni safi, tulia. Vincent akasimama mlangoni. Akaniuliza watu wasiosikia wanaokuja zahanati ile ni wangapi. Nikafikiri. Ninawajua kwa sura. Ni wachache mno, na akina mama wa kikundi wangemaliza kuwahesabu kabla maharagwe hayajaiva. Wangemjua huyo mtu, na wangeanza kujiuliza anaumwa nini hata muuguzi azungumze naye siku ya mapumziko yake. Ndipo nikaelewa kwamba nimemchafua Rita kwa uongo na siwezi kumsafisha kwa ukweli, kwa sababu ukweli wenyewe ni wa mtu mwingine.

Nilimwendea Rita siku hiyohiyo. Nilimwambia yote, kisanduku, maharagwe, Mama Daisy, mkono wa Mama Titus. Alikuwa akikunja nguo na hakuacha kukunja. Alipomaliza alisema, mama mdogo, yangu mimi naweza kukusamehe siku moja, sijui lini. Ya mwenzangu siwezi kusamehe kwa niaba yake. Akasema tangu Titus alipomuuliza ilimbidi amweleze huyo mtu kwamba huenda mazungumzo yao yalitazamwa, na mtu huyo tangu hapo hashiki tena simu. Sasa Rita akitoka kazini anamfuata hukohuko kwao kwa miguu, kwenye jua hili. Kesho yake alihama. Amekwenda kukaa na mwenzake wa kazi mtaa wa Sofia. Chumba alichoacha ndicho kile kimoja kitupu nilichokutajia.

Kuhusu huyo mtu, Rita mwenyewe ameniruhusu nikuandikie kwamba hasikii na kwamba ni mambo ya kazi. Zaidi ya hapo sijui, na nimeshukuru sijui. Na wewe lisitoke hapo, hata kwa shemeji. Mwambie tu kwamba binti yake hakufanya lolote la aibu na kwamba mimi shemeji yake ndiye mwenye aibu.

Kisanduku Vincent amekichukua. Amewaandikia walimu wake akawaeleza kwamba mama yake alikiwasha bila ruhusa, na kwamba wapangaji walitazamwa wiki nyingi wasizozijua. Nilimsihi asiandike, nikamwambia utaharibu Uholanzi. Alisema kama Uholanzi inaharibika kwa hilo na iharibike. Walimjibu afute vyote, awaombe radhi watu wote, na safari ibaki palepale. Amepita mlango kwa mlango akiomba radhi, na mimi nyuma yake. Namba tano alinitazama mpaka nikahisi sina nguo, kisha akaniuliza kwani nilisikia nini. Nikasema sikusikia kitu, nilitazama tu. Akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi. Amehama pia, lakini chumba chake kimepata mtu.

Kisha nikapanda Mbololo. Peke yangu, Vincent nilimkataza kunisindikiza. Mama Titus alinipa kiti, maji hakunipa. Nilimwambia kwamba niliyosema kwenye maharagwe sikuyaona, niliona mistari, na mengine nilijazia mwenyewe ili wanisikilize. Akaniuliza, basi kilikuwa nini? Nikasema siwezi kusema, si changu. Akacheka kicheko kibaya, akasema siku zote huna ulimi wa kukaa kimya, leo ndiyo umepata? Nikanyamaza. Dada, sijawahi kunyamaza hivyo maishani. Titus alikuwa kizingitini, amesikia yote. Akamwambia mama yake kwamba Rita alimwambia hapana usoni, hakumdanganya, na yeye anamtaka mtu anayeweza kutunza siri ya mgeni kwa gharama hiyo. Akasema Mata atakwenda, na mzazi akitaka, na asipotaka. Mama yake akaondoka akaenda jikoni.

Mzee Mwandawiro ndiye aliyemaliza. Alisema kijana asikimbie, kwa sababu ndoa haiwezi kuingizwa kwenye nyumba ambayo watu wamebeba hasira, itakuja kuwaumiza watoto. Akasema mimi nisimame mbele ya watu walewale niliowaambia, na mbele ya wazazi wa pande zote mbili, niseme kwamba nilidanganya. Kisha, kama moyo wa Rita utakubali, atase. Unakumbuka marehemu mama alivyokuwa akifanya, anachukua funda la maji, anayapuliza chini, anasema hasira niliyokuwa nayo imetoka na maji haya. Mchungaji nilimuuliza nikiogopa atanikemea. Alisema tuanze na sala, na maji yawe maji, si pombe ya miwa, basi. Lakini mzee alisisitiza jambo moja, kwamba asilazimishwe. Anayetasa bila kutaka anaongeza, hapunguzi.

Nimemtumia Rita ujumbe huo kwa mkono wa Vincent. Hajajibu. Vincent anasema aliusoma, akaukunja, akamuuliza habari za Uholanzi.

Nilikuwa nimepanga kumfanyia Vincent sherehe, dada, turubai, spika, kadi zenye picha yake amevaa joho. Amekataa. Aliniuliza, sherehe ya nini mama, ya kuwa nilisomea hatari nikaileta nyumbani? Ng'ombe sitachinja. Siku hiyo ya kukiri mbele ya watu nitapika kimanga mwenyewe, na kila mtu atakula akitaka au ataondoka na njaa yake.

Nakuomba usije kunitetea. Ukija ukae upande wa binti yako. Ukitaka kunisema, nisemee palepale mbele yao, Mama Daisy akiwapo. Yale ya simu, kwamba gari limeharibika, na kile kicheko, hayo nitakuomba msamaha tukiwa wawili. Na kama hasira yako ni kubwa hata huwezi kuniona, mtume shemeji na mguu wake, nitamtafutia kiti cha kuunyoosha.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wasalimie majirani waliowaazima viti siku ile. Vincent anakusalimu sana, anasema hajasahau ndizi.

Ni mimi mdogo wako,
Wawuda, Mama Vincent,
Mwakingali, Voi.

Siku yenyewe ni Jumamosi tarehe ishirini na tatu mwezi huu wa nane, hapa kwangu, kabla jua halijawa kali. Kikundi kizima kimesema kitakuja. Mbololo wanakuja, hata Mama Titus. Rita bado hajajibu, lakini Titus atapita Sofia asubuhi kumuuliza kama anataka kusindikizwa.